Kanda Nne za Giza

Nyama inapokatwa, upande wake wa ndani haung'ai. Mtu aliyesimama mbele ya bucha na kutazama kwa makini ameona kwamba pande la nyama likipasuliwa, uso mpya unaotokea huwa na rangi ya zambarau iliyokoza. Kisha, likiachwa mezani kwa muda mfupi, rangi ile hugeuka ikawa nyekundu ya kupendeza. Mchinjaji hakuipaka kitu. Ni hewa tu iliyoigusa.

Mageuzi hayo madogo ya rangi, ambayo watu waliyaona kwa maelfu ya miaka bila kuyauliza sababu, ni mmoja wa milango ambayo wataalamu waliipitia ili kuingia katika siri ya umbo la protini. Historia ya safari hiyo ndiyo nitakayoisimulia hapa. Ndani yake mna kisa cha daktari mmoja aliyeiona kweli, akaisema, akanyamazishwa. Na kweli yake ikafufuka baada ya yeye mwenyewe kuzikwa.

Kwanza yatupasa kujua protini ni kitu gani. Mwili wa kila kiumbe hai umejengwa na kuendeshwa kwa protini. Kila protini ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na mnyororo huo haukunyooka kama kamba iliyovutwa, bali umekunjwa na kuviringwa kwa namna yake maalumu. Kazi ya protini hutokana na mkunjo huo. Ute wa yai bichi hupenya nuru. Ukichemshwa huwa mweupe na mgumu. Minyororo yake ni ile ile. Kilichoharibika ni mkunjo, na mkunjo ukiharibika hali yote hubadilika. Lakini protini moja ni ndogo mno, hata hadubini ya kawaida haiwezi kuionyesha. Basi mtu atalijuaje umbo la kitu asichoweza kukiona? Jibu moja, na la mapema, lilitoka katika nuru.

Mwaka 1666 Isaac Newton, wakati huo kijana bado, aliupitisha mwali wa jua katika mche wa kioo wenye pembe tatu, akaona nuru nyeupe ikigawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua, toka nyekundu mpaka urujuani. Utepe huo wa rangi huitwa spektra. Ikapita miaka karibu 150. Mwaka 1814 fundi wa vioo wa Ujerumani, Joseph Fraunhofer, aliitazama spektra ya jua kwa vyombo vilivyo bora zaidi, akaona kwamba imekatwakatwa na mistari myembamba ya giza. Aliihesabu zaidi ya 500, na ile mikubwa akaipa majina ya herufi: A, B, C, D, na kuendelea. Lakini hakujua sababu yake.

Sababu ilipatikana katika mji wa Heidelberg kuanzia mwaka 1859, kwa kazi ya Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen. Hao walithibitisha kwamba kila elementi ikiwa katika hali ya mvuke huzimeza rangi fulani za nuru, na ikipata moto mkali hutoa rangi zizo hizo. Anayenyunyiza chumvi katika moto huona ndimi zake zikiwa za manjano. Manjano hayo hutoka katika sodiamu iliyomo ndani ya chumvi, na mahali pake katika spektra ni pale pale penye mstari D wa Fraunhofer. Chombo chao, kiitwacho spektroskopu, kilikuwa sahili: ufa mwembamba wa kuingizia nuru, mche wa kioo wa kuipasua, na darubini ndogo ya kutazamia. Kwa chombo hicho mtu aliweza kukitambua kitu asichokigusa, hata kikiwa ndani ya jua.

Haukupita muda mrefu kabla ya watu wa tiba kuuliza: ikiwa nuru yaweza kutoa ushahidi wa habari za jua, je, haiwezi kutoa ushahidi wa habari za damu? Mwaka 1862 Felix Hoppe-Seyler, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Tübingen, aliizimua damu kwa maji, akaiweka katika njia ya nuru iingiayo kwenye spektroskopu. Katika utepe wa rangi zikatokea kanda mbili za giza, baina ya manjano na kijani. Miaka miwili baadaye kitu kile chekundu cha damu alikipa jina tulitumialo hadi leo, hemoglobini.

Habari hizo zilimfikia George Gabriel Stokes, profesa wa hesabu katika Cambridge, mzaliwa wa jimbo la Sligo huko Ayalandi. Mwaka 1864 Stokes alilirudia jaribio lile, na akaongeza jambo moja. Alitia ndani ya damu dawa yenye kunyang'anya oksijeni. Mara zile kanda mbili zikatoweka, na mahali pake ukatokea ukanda mmoja mpana. Kisha akaitikisa damu ile pamoja na hewa. Kanda mbili zikarudi. Kumbe rangi ya damu ni kitu kimoja chenye hali mbili: hali ya kubeba oksijeni, na hali ya kuitua. Siri ya nyama ya buchani nayo ni ya jinsi hiyo, kwa kuwa misuli ina protini nyekundu iliyo jamaa ya hemoglobini.

Leo twajua sababu yake. Hemoglobini ina minyororo minne ya protini, na kila mnyororo umekumbatia duara dogo lenye chembe moja ya chuma katikati. Oksijeni ikishikamana na chuma hicho, chuma husogea kidogo katika kiti chake, na rangi za nuru zinazomezwa hubadilika. Kwa hiyo kanda za giza ni barua itokayo katika kiti kile, hutuarifu chuma kimeketi vipi na jirani yake ni nani. Hata mgeni mbaya hutambulikana. Jiko la makaa likiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hiyo huketi mahali pa oksijeni na kukataa kuondoka. Damu iliyojaa gesi hiyo huonyesha kanda mbili ambazo hazitoweki hata ikitiwa dawa ya Stokes. Hivyo matabibu wa karne ya 19 walipata njia ya kumtambua muuaji asiyeonekana wala kunuka.

Sasa tumfikie daktari niliyemtaja mwanzoni. Charles Alexander MacMunn alizaliwa mwaka 1852, naye pia katika jimbo la Sligo alikozaliwa Stokes. Alisomea udaktari Dublin, kisha akafanya kazi katika mji wa viwanda wa Wolverhampton, Uingereza. Hakuwa profesa. Alikuwa daktari wa kutibu watu, na utafiti wake aliufanya katika saa zilizobaki baada ya kazi ya wagonjwa. Alikuwa na spektroskopu ndogo ya kutumiwa pamoja na hadubini, na kwa chombo hicho aliitazama misuli na viungo vya wanyama wa aina nyingi, wenye uti wa mgongo na wasio nao, wadudu wakiwa miongoni mwao.

Mwaka 1884, na tena kwa urefu zaidi mwaka 1886, MacMunn alitangaza jambo geni. Katika misuli na viungo hivyo alikuwa ameona kanda nne za giza, zisizofanana na kanda za hemoglobini. Alisema kwamba hiyo ni rangi nyingine, akaiita mayohematini ikiwa katika misuli, na histohematini ikiwa katika viungo vingine. Alisema pia kwamba kazi yake ni ya kupumua: si kule kupumua kwa kifua, bali kupumua kwa ndani, ambako kila sehemu ya mwili huitumia oksijeni iliyoletewa na damu.

Hoppe-Seyler hakukubali. Wakati huo alikuwa mtu mashuhuri sana, na jarida kubwa la kemia ya viumbe lilikuwa mkononi mwake. Mwaka 1889 mwanafunzi wake Ludwig Levy alichapisha uchunguzi uliodai kwamba rangi ya MacMunn si kitu kipya, bali ni hemoglobini iliyoharibika. Mwaka uliofuata MacMunn alijibu katika jarida lile lile. Jibu lake lilichapishwa, lakini Hoppe-Seyler, kwa mamlaka ya mhariri, aliongeza maneno yake kwamba haoni haja ya mjadala huo kuendelea. Mlango ukafungwa. Vitabu vya wanafunzi vikaacha kuitaja mayohematini, na ikawa kama kwamba haijapata kuonekana.

Tusimhukumu Hoppe-Seyler kwa pupa. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa elimu ya kemia ya viumbe, na mengi tuyajuayo juu ya damu twamwia yeye. Tena MacMunn alikuwa na udhaifu wake: alipojaribu kuitoa rangi ile katika misuli na kuitenga peke yake, kazi hiyo ya kemia haikuwa imara, na alichokipata kiliweza kutiliwa shaka. Walakini kanda zile zilikuwamo hata katika wadudu ambao hawana hemoglobini. Kitu kitaharibikaje mahali ambapo hakikuwapo? Swali hilo lilistahili jibu, wala halikujibiwa. Kosa la mtaalamu yule mkubwa halikuwa kutilia shaka, maana shaka ni sehemu ya elimu. Kosa lake ni kwamba udhaifu wa upande mmoja wa hoja aliufanya kuwa sababu ya kuitupa hoja nzima, kisha akatumia cheo chake kufunga maneno.

MacMunn aliendelea na udaktari wake. Alihudumu katika vita vya Afrika Kusini, akarudi, na akafa mwaka 1911. Kitabu chake cha mwisho kilitoka mwaka 1914, miaka mitatu baada ya kifo chake. Humo alikuwa ameandika, kwa utulivu wa mtu asiye na kinyongo, kwamba jambo lake litapata nafasi yake vitabuni siku moja.

Siku hiyo ililetwa na mtu ambaye hakuwa akiitafuta. David Keilin alizaliwa Moscow mwaka 1887, mwana wa wazazi waliotoka Polandi. Alisoma Paris, akafika Cambridge mwaka 1915. Alikuwa mtaalamu wa vimelea, na alimchunguza nzi ambaye mabuu yake huishi ndani ya tumbo la farasi. Mabuu hayo yana hemoglobini, lakini nzi mzima hana. Keilin alitaka kujua hemoglobini ile huenda wapi buu anapogeuka kuwa nzi. Alipoitazama kwa spektroskopu ndogo misuli ya mabawa ya nzi mzima, hakuona kanda mbili za hemoglobini. Aliona kanda nne.

Mtu mwingine angaliandika jambo hilo pembeni ya daftari na kuendelea na nzi wake. Keilin aliwaacha nzi, akafuata kanda. Alizikuta katika wadudu wengine, katika mimea, na hata katika hamira, ambayo haina damu wala misuli. Na hamira ndiyo iliyompa ushahidi mkubwa. Alipoitikisa hamira iliyochanganywa na maji ili hewa iingie, kanda zilitoweka. Alipoiacha itulie, baada ya muda mfupi zikarudi. Seli za hamira zilikuwa zikipumua mbele ya macho yake! Kadhalika alimtazama nondo aliye hai kupitia spektroskopu. Nondo alipojitahidi kupigapiga mabawa, kanda zilijitokeza, alipotulia, zikafifia.

Mwaka 1925 Keilin alichapisha matokeo yake. Rangi ile aliiita saitokromu, maana yake rangi ya seli. Alieleza baadaye kwamba si kitu kimoja, bali ni protini za namna tatu, a, b na c, ambazo kanda zake zikionekana pamoja hufanya zile nne. Alionyesha pia kwamba sumu ya sianidi huzizuia kanda zisitoweke hata hewa ikiingia, maana yake seli imezungukwa na oksijeni lakini haiwezi kuitumia. Sumu hiyo ndiyo inayoweza kutoka katika mihogo michungu, ambayo wazee wetu walijua kuiroweka na kuianika kabla ya kuila. Zaidi ya yote, Keilin alitenda haki. Alimtaja MacMunn kwa jina, akaeleza wazi kwamba daktari yule ndiye aliyetangulia kuiona rangi hiyo na kuifahamu kazi yake. Tangu mlango ufungwe, miaka 35 ilikuwa imepita.

Hapa mwanafunzi na asimame kidogo afikiri. Saitokromu ina duara lenye chuma kama lile la hemoglobini, nayo ya namna b ina duara lile lile hasa. Kwa nini basi kanda zake si zile zile? Ni kwa sababu protini iliyokizunguka chuma ni nyingine na mkunjo wake ni mwingine. Utambi mmoja ukiwashwa ndani ya kandili mbili za vioo mbalimbali, nuru itokayo hailingani. Hivyo kanda za giza hazikueleza habari za chuma tu. Zilieleza pia habari za nyumba yake.

Lakini nuru ionekanayo ilieleza kwamba nyumba imebadilika, bila kuichora ramani yake. Mwaka 1938, huko Prague, Felix Haurowitz aliweka chini ya hadubini fuwele za hemoglobini zisizo na oksijeni. Hewa ilipopenya, zile fuwele za zambarau zilivunjika, na mahali pake zikatokea fuwele nyekundu zenye umbo lingine. Ikawa dhahiri kwamba rangi ikigeuka, protini nzima nayo hugeuka umbo. Max Perutz, aliyetoka Austria akaishi Cambridge, alishughulika na fuwele hizo kwa miali ya eksirei kwa zaidi ya miaka 20, na kufikia mwaka 1959 aliweza kuuonyesha mkunjo wa minyororo yote minne. Mwaka 1962 yeye na John Kendrew walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Na katika miaka ya shida, walipokosa mahali pa kufanyia kazi yao ya kemia, ni nani aliyewapa nafasi katika maabara yake? Ni Keilin yule yule.

Eksirei haikuiondoa nuru kazini. Kwa kawaida eksirei huhitaji protini iliyogandishwa kuwa fuwele, bali nuru huitazama ikiwa ndani ya maji, ikifanya kazi yake. Miali iliyo nje ya wekundu, isiyoonekana kwa macho, ilitumiwa mwaka 1950 na Waingereza Elliott na Ambrose kuutofautisha mnyororo uliokunjwa na ule ulionyooshwa. Miali iliyo nje ya urujuani humezwa na baadhi ya asidi amino, na ikizungushwa kulia na kushoto hueleza ni sehemu gani ya protini iliyojiviringa kama chemchemi ya waya. Kwa njia hizo wataalamu huitazama protini ikikunjika na kukunjuka, kama sisi tutazamavyo yai jikoni.

Ushahidi wa nuru umefika hata kwenye vidole vyetu. Mwaka 1974 Takuo Aoyagi wa Japani alitangaza njia ya kupima oksijeni ya damu bila kuitoa mwilini. Kibanio hutiwa kidoleni. Miali miwili, mmoja mwekundu na mwingine ulio nje ya wekundu, hupita katika nyama. Na kwa kuwa hemoglobini yenye oksijeni na isiyo nayo hazimezi miali hiyo kwa kiasi kimoja, chombo huandika hesabu yake. Ni jaribio la Stokes, lililohamishwa kutoka chupani hadi kidoleni. Katika maradhi ya korona yaliyoenea duniani mwaka 2020, kibanio hicho kilijulikana hata na watu wasiopata kusikia jina la hemoglobini.

Lakini mwaka huo huo madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wenye kutia wasiwasi. Walilinganisha hesabu ya kibanio na hesabu ya damu yenyewe, wakaona kwamba kwa wagonjwa weusi chombo kilionyesha oksijeni ya kutosha, ilhali damu ilikuwa na upungufu, karibu mara tatu zaidi ya kilivyofanya kwa wagonjwa weupe. Rangi ya ngozi nayo humeza nuru, na chombo hakikuizingatia kama ipasavyo. Jambo hilo latuhusu sisi Waafrika kuliko watu wote. Chombo chenye sifa duniani, kama profesa mwenye sifa, chaweza kukosea, na kosa lake likamgharimu mtu uhai wake.

Basi haya ndiyo tuliyofundishwa na kanda nne za giza. Zilikuwamo katika misuli ya nzi kabla ya Hoppe-Seyler kuzaliwa, zilikuwamo siku aliyofunga mlango, na zilikuwamo siku Keilin alipoufungua. Hazikuongezewa kitu na cheo cha mtu wala kupunguzwa kitu na unyonge wa mtu. Huenda mmoja wenu, anayesoma maneno haya darasani, ataketi siku moja mbele ya chombo na kuona jambo ambalo vitabu havikulitaja. Na alitazame mara ya pili, na ya tatu. Na ajiulize kwa ukali kama amekosea, maana huenda amekosea. Lakini akiisha kuhakikisha, asiliache kwa sababu mkubwa amesema halipo.

Tena akija kugundua kwamba mwingine alitangulia kuliona, na afanye kama Keilin: amtaje kwa jina.